Injini ya Kushoto

Injini ya kushoto ilikuwa ya moto, na hakuna mtu aliyeiwasha.

Bi Usukani, mjane aliyekuwa akivusha abiria kwa boti ya marehemu mumewe, aliweka kiganja juu ya kifuniko na kukitoa haraka. Ukungu wa asubuhi ulikuwa haujapanda. Boti ilikuwa imelala imefungwa gatini, ufunguo amelala nao yeye chini ya mto. Akagusa injini ya kulia: baridi kama pua ya mbwa.

"Uzee tu huo," alisema fundi alipokuja kuzikagua. Aligonga mbao za boti kwa kifundo cha kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Boti yenyewe ni nzima, itatuzika sote. Lakini hizi injini zimeshakula chumvi nyingi. Zote mbili, Bi Usukani. Ukibadilisha moja, utakuwa umewafunga punda na farasi jembe moja."

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa ameketi ukingoni mwa gati akisikiliza. Naye alikuwa na boti yake ndogo, lakini alipenda kushinda pale penye boti ya kaka.

"Za kaka hizo," alisema. "Udongo wa kaburi haujakauka, mnataka kumng'oa moyo?"

"Sijaamua, shemeji," alijibu Bi Usukani.

Na kweli alikuwa hajaamua. Injini mpya zingekunywa mafuta kidogo na zisingemzimikia katikati ya mkondo. Ila kila alipotaka kumwambia fundi "haya, fungua", ulimi ulimganda.

Mchana mmoja alikuwa akirudi na boti tupu. Alipopunguza mwendo, ndani ya mngurumo wa kushoto akasikia mtu anazungumza.

"Mke wangu."

Harufu ya tumbaku na shati lililolowa jasho ikamjia puani. Ilikuwa harufu ya mumewe. Nywele zilimsimama, lakini mdomo ukamtangulia.

"Abee."

"Pole," ilisema sauti. "Umechoka, mke wangu. Kazi yote hii unaifanya peke yako."

Bi Usukani alilia mpaka akafika gatini. Siku iliyofuata alimwambia fundi asubiri kwanza. Shemeji alifurahi akamsaidia kufunga kamba.

Kuanzia hapo sauti ikawa inamjia kila safari. Ilimsifia mikono yake, ikamwomba radhi kwa mambo ambayo hakuwahi kumtajia mtu. Alianza kupunguza mwendo ili aisikie vizuri. Abiria wakanung'unika, hakuwasikia. Kisha sauti ikaanza kuomba. Sogea mbele kidogo, mke wangu, kule kuna utulivu. Usigeuke bado. Na siku moja Bi Usukani alishtuka anavutwa gauni na mama aliyebeba mtoto mgongoni, mama yule akipiga kelele kwa sauti iliyokwisha kukauka, naye akainua macho akaona maboya ya njia yamebaki nyuma kabisa, na mbele yake miamba imetoa meno meusi kwenye povu, na mkono wake mwenyewe umefungulia mafuta hadi mwisho, na ile sauti inacheka taratibu, kwa upendo, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Alikata usukani. Mwamba ulikwaruza ubavu wa boti ukaiachia.

Jioni hiyo alikwenda kwa mganga, mwanamke mnene aliyeuza vipuri vya cherehani, mtu asiyependa maneno mengi.

"Mumeo alikuwa akikwambia pole?" mganga aliuliza.

"Sikumbuki."

"Kumbuka."

Bi Usukani alitazama sakafu. "Hakuwahi."

"Basi unajua kuwa si yeye. Jini yule hana sauti yake mwenyewe, huvaa ile unayoitamani. Kile chuma ni kiti chake tu, lakini wewe umemwitikia. Ukiing'oa injini kabla hujamkana, atahamia kwako. Mkane kwa ukweli, mbele ya mtu wa damu ya marehemu."

Kulipokucha walikuwa botini watatu: yeye, fundi na shemeji. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Aliisogelea injini ya kushoto.

"Wewe si mume wangu," alisema. "Mume wangu hakuwahi kuniambia pole. Mimba ilipoharibika alikuja akauliza chakula kiko wapi. Na mkono wangu huu sikuuvunja kwa kuanguka gatini. Aliuvunja yeye."

"Shemeji, nyamaza!" mdogo wa marehemu alifoka. "Unamsema maiti?"

"Mke wangu," sauti ilinong'ona, na safari hii wote watatu waliisikia. "Nisamehe."

"Angekuwa yeye, asingeomba."

Injini ililipuka kwa mngurumo bila ufunguo, harufu ya nywele zinazoungua ikatanda, boti ikatikisika mpaka kamba zikalia. Fundi alijitupa chini. Kisha kukawa kimya, na kifuniko kikapoa hapohapo.

"Zifungue," Bi Usukani alimwambia fundi. "Ukazizamishe mbali."

"Kaka yangu si taka," alisema shemeji, machozi yakimtoka kwa hasira. "Umemzika mara ya pili. Nazichukua mimi."

Bi Usukani alimsihi aziache, hakusikia. Injini mpya zilifungwa, zikaunguruma vizuri. Wakwe hawakukanyaga tena nyumbani kwake.

Siku moja alipishana na boti ya shemeji. Kijana wa watu alikuwa ameinamia zile injini kuukuu, akitabasamu kwa aibu kama mtoto aliyesifiwa.

"Anakwambia nini?" Bi Usukani alimpigia kelele.

Hakuinua kichwa. "Anasema mimi ni mwanamume kuliko yeye," alijibu, akapita.

Haikupita wiki, boti ile haikurudi. Bi Usukani ndiye aliyekwenda kuitafuta. Aliikuta nje ya maboya, inazunguka palepale, haina mtu. Injini zote mbili zilikuwa zinanguruma, na mpira wa mafuta ulikuwa umechomoka, umelala sakafuni mkavu.

Alipokaribia, mngurumo ulishuka.

"Shemeji," ilisema sauti ya mdogo wa marehemu, ya upole, karibu na sikio. "Nisamehe. Alivyokuwa akikufanyia, nilijua siku zote."

Bi Usukani aliuma mdomo hadi damu ikatoka ili asiitike. Miaka yote alitaka mtu mmoja tu wa nyumba ile amwambie hivyo. Sasa ameambiwa, na hakubaki mtu wa kumuuliza kama ni kweli. Aligeuza boti, akaiacha ile nyingine izunguke.