Kifungo Chekundu

Kila jioni, binti wa fundi cherehani, ambaye mtaani walimwita Sindano kwa wembamba wake, aliokota pini sakafuni kwa sumaku. Zamani aliokota na rafiki yake, binti wa mwoka mikate, kila mmoja na sumaku yake, wakicheka mpaka mbavu ziwaume. Sasa baba alikuwa amepiga marufuku wageni. Sindano aliokota peke yake.

Chanzo kilikuwa mashine ya kufuma masweta. Wakala mmoja mwenye maneno matamu aliwauzia watu mashine ambazo zingebaki kwenye ghala lake, zikiwaletea faida wakiwa wamekaa tu. Tena, alisema, mnunuzi hupunguziwa kodi. Baba alinunua, akapunguziwa. Sasa ofisa wa kodi alitaka kujua kama mashine ipo kweli, na baba alikusudia kumwambia ipo.

Siku walipopelekwa ghalani kuiona, Sindano alibandika kifungo chekundu kwa gundi upande wa chini wa mashine, ili ijulikane ni yao. Baadaye mwoka mikate naye alipelekwa kuiona yake, na binti yake akarudi akisimulia habari za kifungo chekundu alichokiona chini ya mashine hiyo. Sindano alipomweleza baba, aliambiwa afunge mdomo na asimsogelee tena rafiki yake.

Ofisa alipofika, alikaa kwenye kiti cha wateja, akamwuliza baba kama aliiona mashine yake.

Baba alikohoa. "Niliiona. Inafanya kazi."

Sindano aliweka sumaku chini. "Baba, mashine ile ile ameuziwa mwoka mikate. Binti yake alikiona kifungo changu pale."

Baba alimtazama kwa hasira, kisha akainamisha kichwa. "Mtoto anasema kweli," alimwambia ofisa. "Aliniambia, nikajifanya sikusikia."

Ofisa alieleza kwamba kodi aliyopunguziwa baba italipwa yote, ila kwa kuwa amekiri mwenyewe, atailipa kidogo kidogo. Akashauri waliouziwa wote wamshtaki wakala kwa pamoja.

Jioni ile baba alimwita mwoka mikate, aliyekuja na binti yake, akamwomba radhi kwa kunyamaza. Kisha akamgeukia Sindano. "Nilikubebesha uongo wangu, mwanangu, nikakuacha mpweke. Usikubali mtu akubebeshe uongo wake, hata nikiwa mimi."

Binti wa mwoka mikate alikwisha kuchuchumaa sakafuni.

"Sumaku yangu mliiweka wapi?" aliuliza.