Nukta Nyeusi za Profesa

"Nakuuliza kwa mara ya tatu. Hizi nukta nyeusi ni za nani?"

Profesa alikuwa amempa Kinanda mgongo, anabandika waya sakafuni mwa ukumbi. Hakugeuka. Kinanda akavua kandambili moja, akalenga, akarusha. Ikatua katikati ya mgongo kwa usahihi unaostahili medali.

"Ulisema?"

"Nilisema, nukta hizi nyeusi ni za nani?"

Kabla hawajatoana roho, itifaki izingatiwe. Kinanda ni fundi wa sauti. Jina alipewa na shangazi yake, aliyedai kwamba tangu azaliwe hajawahi kufunikwa kifuniko. Profesa ni mchumba wake na hajawahi kufundisha hata kuku. Jina lilitokana na miwani. Kazi yake ni kugeuza takwimu kuwa picha. Harusi yao ilikuwa imebakiza wiki tatu, na maonyesho yao siku mbili.

Watu mia mbili walikuwa wamekubali kutoa kumbukumbu za simu zao, bila majina. Kila ujumbe wa sauti ukawa nukta ukutani. Aliyetumiwa akiufungua na kuusikiliza, nukta inawaka njano. Asipoufungua, inabaki nyeusi. Wageni wangekuja kutazama kwa macho yao jinsi watu wanavyosikilizana, na wasivyosikilizana. Na kwa kuwa mpishi huonja kwanza, wawili hawa walianza na simu zao wenyewe.

Upande wa Kinanda uliwaka wote. Upande wa Profesa ulianza vizuri, kisha kuanzia mwezi wa tatu ukawa giza tupu.

"Nimezihesabu," alisema Kinanda. "Mia nne na kumi na mbili. Miezi saba hujafungua ujumbe wangu hata mmoja."

"Labda programu imekosea."

"Programu umeiandika wewe."

"Basi nimekosea mimi."

"Hapo tunaelewana."

Kinanda akaenda ukutani, akaweka kidole kwenye nukta moja.

"Hii hapa ni siku bibi alipolazwa. Dakika saba. Nilikuwa nalia mpaka nikashindwa kusema. Wewe ukaja mbio na chupa ya chai, nikajisemea, huyu mtu ananisikia. Kumbe hukufungua. Nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Na ugomvi wangu na bosi? Ulijua neno kwa neno. Kuna mtu anakusikilizia simu yako, Profesa? Mwanamke gani huyo, anayesikiliza machozi yangu halafu anakupa muhtasari?"

Profesa akainamia waya wake. Alikuwa na jibu. Alikuwa nalo tangu mwezi wa tatu.

"Nimeelewa," alisema Kinanda. "Jumamosi wageni wataona ukuta. Harusi hawataiona."

Alipofika nje, simu ikaita. Baba yake.

"Mwanangu, huyo mchumba wako nimemkosea nini?"

"Kwa nini, baba?"

"Jana nimemwita mara mbili mbele ya duka la dawa, amenipita kama nguzo ya umeme. Mimi si mtu wa kupitwa hivyo."

"Usijali, baba. Hatakupita tena."

Asubuhi yake ukaingia ujumbe wa maandishi kutoka kwa Profesa: *Njoo kwangu saa nne. Hasira zako njoo nazo, sizizuii. Kuna kitu nataka ukione.*

Kinanda akajibu: *Nikione au nikisikie?*

*Ukione. Ndiyo shida yenyewe.*

Chumba cha Profesa kilikuwa kama siku zote: kitanda kimetandikwa kwa kona kali, meza, kompyuta mbili. Safari hii kiti kilikuwa kimegeuzwa kuelekea dirishani, ili mwanga umwangukie usoni atakayekaa.

"Kaa hapo," alisema Profesa. "Nikuone mdomo."

"Mdomo wangu una nini?"

"Sikio la kushoto limekwisha, Kinanda. La kulia limebaki nusu, na hiyo nusu inapungua. Daktari aliniambia mwezi wa tatu."

Kinanda akakaa, uso kwenye mwanga.

"Sikuzifungua kwenye simu kwa sababu kwenye simu sizisikii. Nilikuwa nazihamishia huku kwenye kompyuta. Mashine inaandika maneno na kuchora sauti. Programu yangu inahesabu kilichofunguliwa kwenye simu peke yake. Nilisahau kwamba itanihesabu na mimi."

Akafungua picha moja. Mistari myembamba, milima na mabonde.

"Hapa unacheka kabla mzaha wenyewe haujafika. Huwa unafanya hivyo. Hapa unasema umekula."

"Nilikuwa nimekula."

"Ukidanganya mstari wako unanyooka. Ona ulivyonyooka."

Akafungua nyingine, ndefu kuliko zote.

"Hii ni ya bibi. Hapa katikati, sekunde kumi na tisa, mashine iliandika 'hakuna maneno'. Lakini tazama mstari. Unatetemeka. Nikajua unalia. Nikachukua chupa ya chai, nikatoka."

Kinanda alitazama kilio chake mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta. Akafuta macho kwa kiganja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ni fundi wa sauti. Nani anampelekea mpishi mgeni asiye na ulimi? Nilisema nikuoe kwanza, nikuambie baadaye."

"Yaani nikishafungwa."

"Ndiyo. Ni aibu, lakini ndiyo."

"Uziwi ningeupokea siku ileile," alisema Kinanda, polepole, midomo ikionekana vizuri. "Kinachoniuma ni kwamba uliamua mimi si mtu wa kuambiwa. Na nyumbani kwetu unaonekana una majivuno. Sitakuwa mkalimani wa aibu yako. Waambie mwenyewe. Ukishindwa, tumeachana, na nitakukumbuka vizuri."

"Ulidhani nitauondoa upande wangu ukutani kabla ya Jumamosi," alisema Profesa.

"Ndiyo."

"Hauondoki. Nitawaambia hapohapo."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Watu walitembea polepole mbele ya nukta, wakinong'ona kama waombolezaji. Walipofika kwenye ile sehemu ya giza, mama mmoja akatikisa kichwa.

"Huyu mwanamume ni mkatili. Dada wa watu anaongea peke yake mwaka mzima."

"Wapo," alijibu baba yake Kinanda, aliyesimama kando yake. "Wengine ni wachumba wa watu."

Profesa akachukua kipaza sauti. Kwa kuwa hakujua tena sauti yake imefika wapi, ilitoka kubwa mno. Watu wa mbele wakarudi nyuma.

"Nukta hizo nyeusi ni zangu. Aliyekuwa anaongea ni mchumba wangu. Mimi sisikii. Sikio moja limekufa, la pili linafuata. Nilimficha yeye, na nikawaficha wazazi wake, kwa sababu niliogopa kunyimwa mke. Wote niliowapita barabarani, naomba radhi."

Hakuna aliyepiga makofi. Halikuwa jambo la makofi.

Baba yake Kinanda akapenya katikati ya watu, akasimama mbele yake uso kwa uso.

"Kwa hiyo siku ile hukunisikia."

"Sikukusikia, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Baada ya hapo nilikutukana kidogo."

"Hilo nalo sikulisikia."

Mzee alijaribu kukaza uso, ukamshinda. Akamshika mkwewe begani, akaliacha bega taratibu, akaondoka kwenda kumtafuta yule mama aliyesema "mkatili" ili amrekebishie taarifa.

Kinanda alikuwa amesimama kwenye meza ya mitambo. Akaja mpaka kwenye mwanga wa projekta, nukta zikamjaa usoni na kwenye gauni, akahakikisha midomo yake inaonekana.

"Harusi ipo."

"Rudia."

"Hukunielewa?"

"Nimekuelewa," alisema Profesa. "Rudia tu."