Mbao za Mama

Jirani yetu mmoja alikuwa mshonaji wa nguo. Watu walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake uliochoma. Alikaa na mama yake mzazi katika nyumba ya vyumba viwili, cherehani barazani, kitanda cha mama dirishani. Mama alikuwa mgonjwa wa miaka. Miguu imejaa maji, macho yana ukungu, magoti yanalia kama bawaba za mlango, na kikohozi chake tulikizoea sisi majirani kama tulivyozoea jogoo. Hospitali walimpima wakachoka, wakaishia kusema ni uzee.

Siku mambo yalipoanza ilikuwa siku kama siku nyingine. Jua linawaka, Sindano anapinda suruali ya mteja, mara mdogo wake wa kiume akaingia na jasho lake, meno yote nje. Huyu mtaani alijulikana kama Kapteni. Lilikuwa jina la kejeli, maana hakuwahi kuongoza hata mtumbwi.

"Dada, nimeamua. Nakifufua chombo cha mzee."

"Ukishakifufua?"

"Nasafiri. Nimechoka kuitwa Kapteni bure."

Chombo chenyewe kilikuwa mashua ya matanga ya safari ndefu, ya mbao tupu, yenye chumba ndani, vitanda viwili vyembamba, jiko dogo na injini ya dizeli. Baba yao alizunguka nayo bandari nyingi enzi za uhai wake. Tangu afariki ilikuwa imepandishwa juu ya magogo nyuma ya karakana ya seremala, turubai limechanika, mvua yote yake. Sindano alicheka, lakini akakubali kushona magodoro ya vile vitanda na kuziba matanga yaliyotoboka. Ni mdogo wake, angefanyaje?

Seremala wa ile karakana alikuwa mtu wa makamo asiyependa maneno. Walimwita Fundi Kimya. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kunyonya maji machafu yaliyojaa chini kabisa ya sakafu ya chombo. Alipiga pampu asubuhi nzima.

Mchana Sindano alipompelekea mama dawa, alikuta shuka limelowa chapachapa. Hayakuwa maji ya mtu aliyejikojolea. Yalikuwa meusi, yananuka dizeli na majani yaliyooza. Na miguu ya mama, ile iliyokuwa imefura kama mito, ilikuwa imenywea, miembamba, ngozi inaning'inia.

Mama alikuwa ameketi, anaitazama miguu yake kama mtu anayewatazama wageni asiowataka.

"Nani ametoa maji kwenye chombo?" alinong'ona.

Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Sindano alipomweleza, mama alimshika mkono akamvuta karibu.

"Funga mlango. Mlipokuwa wadogo nilitaka kumwacha baba yenu. Alinipiga mpaka nikachoka. Nilishafunga mzigo wangu. Akajua. Akaenda kwa mtu wake, sijui wapi, akarudi na mkasi. Alininyoa nywele zote, akazipigilia ndani ya chombo, chini ya mlingoti, juu ya mkuku. Akasema, kuanzia leo utakaa kama chombo changu kitakavyokaa. Hutakwenda popote."

Mkuku ni ule uti wa mgongo wa chombo, gogo refu la chini linalobeba mengine yote.

"Basi si heri, mama? Kikitengenezwa na wewe unapona."

"Kitakachong'olewa ni mimi. Kitakachowekwa sijui ni nani." Macho yake yenye ukungu yalimtafuta bintiye. "Kiacheni kioze, mwanangu. Nimebakiza kidogo tu nipumzike."

Sindano alimfunika, akamwambia haya mama. Moyoni alisema ni homa.

Kisha Fundi Kimya akabadilisha vioo. Yale madirisha madogo ya mviringo ubavuni mwa chombo yalikuwa yamefubaa hata hayapitishi jua. Siku alipoweka vipya, Sindano alikuwa barazani anatunga uzi kwenye sindano. Akasikia sauti kutoka kitandani.

"Huo si mweusi. Ni wa bluu."

Aligeuka. Macho ya mama yalikuwa meupe, maangavu, hayana hata doa. Yalikuwa yanatazama ukutani, kwenye picha ya Sindano akiwa mtoto mwenye pengo la meno ya mbele.

"Huyu mtoto mbaya hivi ni wa nani?" mama akauliza.

Sindano hakuwa mjinga. Alimpigia mdogo wake simu akamweleza yote. Kapteni alicheka, kisha akasema: "Kaa naye hapo. Usikate simu. Nang'oa msumari mmoja."

Mama aliruka kitandani kama aliyechomwa kisu. Alishika ubavu, mdomo wazi, pumzi haiingii wala haitoki. Kwenye simu nyundo ikagonga. Msumari mpya. Mama akavuta pumzi ndefu, nzima, ya mtu aliyetoka kuoga. Haikukwaruza popote.

"Vipi?" Kapteni akauliza.

"Imekuwa kweli."

"Dada!" Alikuwa anapiga kelele kwa furaha. "Dada, tunamponya wenyewe!"

Mama aliikodolea macho ile simu, kisha akamgeukia bintiye. "Umeona. Mwambie aishie hapo."

"Magoti tu, mama. Magoti bado yanakutesa. Tukimaliza magoti tunaacha."

Mama aligeukia ukutani.

Hawakuacha. Nani angeacha? Fundi alizibua mianya ya mbao akaikandika upya kwa pamba na lami, kikohozi kikakoma. Injini ikafunguliwa, ikaoshwa, ikafungwa, na moyo wa mama uliokuwa ukikwama ukawa unadunda sawasawa hata ukiuona shingoni. Mbao zilizooza zilitolewa moja moja, mpya zikaingia. Mama akasimama. Mama akatembea. Ukaja msasa, ikaja rangi, na makunyanzi yakafutika usoni kama mtu anapiga pasi.

Majirani tukamiminika kumpongeza. "Mama yako amekuwa dada yako!" tulimwambia Sindano, naye akacheka na sisi.

Mbao kuukuu Kapteni alizichoma hapo hapo karakanani. Alichemshia lami, na lami ikiisha alichemshia chai. Kila moto ulipowashwa, kule nyumbani mama alisimama ghafla na kunusa hewa. "Kuna kitu kinaungua," alisema. Kisha jambo moja likamtoka akilini, asilikumbuke tena. Alimsahau mume wake, na hilo Sindano alilifurahia. Alisahau nyimbo zake. Alisahau nyumba aliyozaliwa. Siku moja moshi ulikuwa mzito kule karakanani, na mama hakusimama wala hakunusa kitu. Alikuwa hana tena habari na moshi.

Hakulala. Hakukaa. Alikula wima, akitazama dirishani. Nywele zake zilitoka nyeusi.

Mchana mmoja Sindano alikuwa anapiga pasi. Mama akaja nyuma yake kimya, akaichukua pasi mkononi mwake, akaikandamiza kwenye kiganja chake mwenyewe. Ngozi ilitoa mvuke. Uso wake haukubadilika. Akaugeuza mkono, akauangalia, kisha akaushika wa bintiye akaubandika pasi.

Sindano alipiga yowe mtaa mzima ukasikia.

"Nilitaka kuona kama wewe unaumia," mama alisema. Alisema taratibu, kama anayeuliza bei ya vitunguu.

Hapo ndipo Sindano alipoogopa. Alifunga kitambaa mkononi akaondoka mbio kwenda karakanani kumwambia mdogo wake kazi isimame. Alichelewa. Yule mwanamke aliyekuwa mama yake alipita njia nyingine na miguu yake mipya, na alifika kabla yake. Alikuwa ameinama chini ya chombo, kiganja kilichoungua kimewekwa juu ya mkuku.

"Na huu," alisema.

Fundi Kimya aliweka randa chini. Siku hiyo alisema maneno mengi kuliko miezi yote.

"Hapana. Mbao nimebadilisha. Mataruma, mbavu zote za chombo, nimebadilisha. Hicho kipande chini ya mlingoti ndicho pekee kilichobaki cha zamani. Hicho sikiondoi."

"Kimeoza," Kapteni alisema.

"Kimeoza, ndiyo. Lakini ni chenyewe."

Alikusanya patasi zake kwenye mfuko. Alipopishana na Sindano langoni alimsogelea sikioni. "Nywele zake nimeziona. Mama yako yuko hapo tu sasa," alinong'ona. "Hapo tu." Karakana ni yake, lakini aliondoka yeye. Hakugeuka.

Sindano akamshika mdogo wake mkono. Akamweleza ya pasi, akamwonyesha kidonda. Kapteni alikitazama kidonda, akamtazama yule mwanamke mrefu, mwenye nguvu, asiyekohoa. Akatazama chombo, rangi inang'aa, mlingoti umesimama.

"Ulitaka arudi kitandani?" aliuliza. "Unyonge ule, mavi yale, ndiyo unayoyataka?"

"Nataka mama yangu."

"Huyo hapo."

Akachukua msumeno mrefu wa watu wawili. Ncha moja akashika yeye. Nyingine akashika mama.

Wakaanza.

Mti ulikuwa laini kwa kuoza. Unga mwekundu ukamwagika chini. Sindano alijitupa katikati, yule mwanamke akamsukuma kwa mkono mmoja, akaanguka kwenye maranda. Walivuta. Walirudisha. Walivuta.

Nusu ya mti, mikono ya mama ikasita.

Uso ukalegea. Midomo ikaanza kutetemeka. Macho yakajaa machozi, yakahangaika, yakampata bintiye pale chini.

"Mwanangu," alinong'ona. Ilikuwa sauti ile ya kitandani, yenye mkwaruzo. "Mwambie aache. Nimo humu."

Sindano aliruka akamkaba mdogo wake shingo. "Ni mama! Acha! Ni yeye!"

"Najua," Kapteni alisema. Jasho lilikuwa linamtiririka. Alikuwa amesikia. Alikuwa amesikia kila neno. "Bado kidogo tu."

Akavuta peke yake.

Mama alipaza sauti mara moja. Msumeno ukapita. Upande wa pili ulikwisha kukatwa siku Fundi alipobadilisha sehemu ya nyuma ya mkuku. Kipande kikaanguka chini kwa kishindo, na juu yake, chini ya msumari wenye kutu, kulikuwa na fundo la nywele.

Uso wa yule mwanamke ukafungwa kama dirisha.

Sindano alikikumbatia kile kipande. Kilikuwa kizito na kilikuwa na joto. Alijaribu kusimama nacho. Yule mwanamke alimwinamia, akakichomoa kifuani mwake kama unavyomnyang'anya mtoto kijiko, akakitupa kwenye moto wa lami. Nywele ziliungua kwanza. Sindano alisubiri kusikia sauti, hata ndogo, hata moja.

Haikutoka.

Kapteni alitia mti mpya, akaukaza, akaupaka lami. Nywele chache za Sindano, zilizong'oka kwenye purukushani, zikanasa chini ya msumari. Siku chombo kiliposhushwa majini hakikuingiza hata tone. Yule mwanamke alipanda akaenda moja kwa moja kushika usukani, yeye ambaye maisha yake yote alitapika akipanda chombo. Sindano alisimama ukingoni na kidonda chake, analia.

"Yule mwanamke analia nini?" aliyeshika usukani alimuuliza Kapteni, kwa sauti kubwa, na wote tuliokuwapo tukasikia.

Wakatweka tanga wakaenda.

Kwa muda Kapteni alituma salamu. Bahari nzuri, chombo kinakwenda kama kinateleza kwenye mafuta, mama mzima. Halafu kimya. Halafu mchana mmoja simu ya Sindano ikaita, na alipopokea alisikia maji yakipiga mbao, na pumzi ya mtu aliyejificha.

"Dada." Alikuwa ananong'ona. "Halali. Usukani hauachi. Ananiangalia tu."

"Rudi nyumbani."

"Nimemwomba turudi. Anasema chombo sasa ni kizima. Anasema kilichooza humu ni mimi peke yangu." Nyuma yake kitu cha chuma kiliburuzwa sakafuni, polepole. "Dada, kuna kitu ana..."

Simu ikakatika. Tangu hapo hakuna aliyemwona Kapteni. Mabaharia waliulizwa bandari hata bandari. Wachache walisema waliiona mashua hiyo, safi, inapita mbali, na mtu mmoja tu kwenye usukani.

Sindano aliendelea kushona. Angefanya nini tena? Alikonda zaidi, ubavu ukawa unamuuma, ulimi wake ukapoa.

Juzi hapa kulikuwa na harusi mtaani, na jirani wa ukuta wa pili akaenda kumsaidia kufunga zipu ya gauni. Zipu ilikuwa ubavuni. Yule jirani aliivuta, akasita, akaishusha tena.

"Hapa ulifanyiwa nini?"

"Wapi?"

Ubavuni mwa Sindano, kutoka kwapani hadi kiunoni, kulikuwa na ukanda wa ngozi mpya, laini kama ya mtoto mchanga. Haukuwa na umbo la kovu wala la ugonjwa. Kingo zake zilikuwa zimenyooka kama zilizopigwa rula. Na kila upande, kwa nafasi sawa, kulikuwa na vialama vidogo vya duara, kimoja baada ya kingine, kama matundu ya misumari, vimezibwa vizuri.

Sindano alipeleka vidole vyake pale, akapapasa. Hakushtuka. Alikuwa anatabasamu.

"Sijui," alisema. "Lakini tangu asubuhi hapaumi kabisa."