Shimo Lenye Kiu

Shimo lilimeza maji kwa sauti.

Mpima udongo alikuwa amechuchumaa pembeni, rula mkononi, alipoisikia: gulu, gulu, gulu, kama mtu mwenye kiu kali anayekunywa bila kupumua. Alidhani masikio yanamdanganya. Akamwaga ndoo nyingine. Gulu, gulu. Maji yakaisha, kikabaki kipovu kimoja cha manjano. Kilipopasuka, ilipanda harufu ya kinywa cha mtu aliyelala na njaa.

"Vipi?" aliuliza dada yake kutoka kwenye rundo la matofali yake. "Kiwanja kinafaa?"

Dada huyo alikuwa mjane. Yeye na watoto wake walilala kwenye stoo ya mawifi zake, katikati ya magunia na baiskeli mbovu. Kiwanja hiki ndicho pekee alichoachiwa na mumewe. Ofisi ya ardhi haikuruhusu kujenga mpaka ijulikane kwamba udongo utanyonya maji taka, la sivyo yangerudi juu na kutapakaa uani.

"Mbona kimya? Usinitese, mdogo wangu. Mawifi wananihesabia hata safari za chooni."

"Yanashuka vizuri, dada. Vizuri mno."

Hilo ndilo lililomtatiza. Viwanja vyote vya jirani vilikataliwa. Udongo wake ulikuwa mfinyanzi mtupu, maji yalisimama juu yake kama kwenye sahani. Kwa hiyo alifanya kama alivyofundishwa. Alichota donge kutoka chini ya shimo, akalisokota likawa kamba ndefu isiyokatika. Kisha akaweka kidogo katikati ya meno ya mbele, maana meno hugundua chembe za mchanga ambazo vidole havizigundui.

Hapakuwa na mchanga. Udongo ulikuwa laini kama siagi, na wa vuguvugu. Halafu ukajikunja juu ya ulimi wake, wenyewe.

Alitema. Hakuweza kutema wote.

Udongo ulikuwa umesema hapana, maji yamesema ndiyo. Mpima akamtazama dada yake, akayatazama matofali yaliyokuwa yameanza kuota ukungu kwa kungoja.

"Kinafaa," akasema.

Dada alipiga vigelegele hadi mbwa wa jirani wakabweka.

Tangu hapo mpima hakushiba maji. Alikunywa jagi zima, koo likabaki kavu. Chai ilikuwa na ladha ya mtaro. Alipopiga mswaki, unywele mweusi ulining'inia kwenye jino, akauvuta, ukaja, akauvuta tena, ukazidi kuja, umelowa, una utelezi wa kamasi, akahisi ncha yake ikimtekenya huko chini tumboni, na kitu kilichokuwa kimeishika ncha ile kikauvuta kurudi ndani.

Dada alihamia kwake kumuuguza. Alifungua madirisha yote.

"Nisamehe, mdogo wangu, lakini hata panya aliyekufa ana heshima kuliko hiyo pumzi yako."

Walicheka wote wawili. Mpima akacheua katikati ya kicheko, tope likamtoka puani, na kicheko kikaishia hapo.

Mganga, mama mmoja mnene asiye na maneno mengi, aliziba pua kabla hajavuka kizingiti. Aliwapeleka kiwanjani jua likiwa la utosi, akampigisha mpima magoti mbele ya shimo, akamfukizia moshi.

"Nani wewe?" akauliza.

Sauti iliyojibu ilikuwa nzito, imejaa maji. "Huyu alinimwagia, nikanywa. Akanionja. Mbona mimi nisimwonje?"

"Toka!"

Mpima alitapika. Lilitoka tope, zikatoka nywele, zikatoka kucha zisizo zake, kisha kikaja kitu kinene, kirefu, kilichomtanua koo mpaka machozi yakamtoka, kikadondoka shimoni na kujiburuta kuingia ardhini, kikiacha ute unaong'aa juani. Dada aligeuka akatapika na yeye.

"Ameenda mbali," mganga alisema. "Lakini masikio yake yako hapa. Mtu asimwage maji humu, wala asiuonje tena udongo huu."

Kisha mvua ikanyesha. Shimo likajaa, na maji yakasimama. Hayakushuka hata unene wa ukucha. Viluwiluwi vya mbu vikaanza kucheza humo.

"Dada," mpima alisema kwa sauti ya chini, "nilikudanganya. Udongo haukuwahi kunyonya. Aliyekuwa anakunywa ni yeye."

Dada aliyatazama maji yale.

"Kwa hiyo nyumba yangu ilikuwa ni yeye."

"Tutatafuta kiwanja kingine."

"Kwa pesa gani?" Alifunga mizigo yake, akarudi stoo kwa mawifi.

Asubuhi moja mpima alisikia mlango ukigongwa kwa furaha. Dada yake alikuwa amesimama barazani, viatu vimejaa tope, kiganja kimeziba mdomo kama msichana anayeficha kicheko.

"Chukua rula yako, twende ofisini tukawaambie waje. Maji yameshuka!"

"Yameshukaje?"

"Yameshuka tu. Acha maswali, mdogo wangu. Nipe maji kwanza, nina kiu."

Mpima alimletea jagi la maji. Dada aliondoa kiganja ili anywe, na katikati ya meno yake ya mbele kulikuwa na udongo, laini kama siagi.

Alilikumbatia jagi, akafumba macho.

Gulu, gulu, gulu.