Adui Watatu Weupe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Spika alisimama kwenye meza ndefu ya karakana ya baba yake akifunga mikate. Karatasi moja, mkate mmoja, mkunjo huku, mkunjo kule, tia kwenye kreti. Mama yake alikuwa dirishani akiuza. Baba yake, mwoka mikate, alisimama mbele ya tanuri la matofali, akiingiza na kutoa trei kwa koleo la mbao lenye mpini mrefu kumzidi yeye mwenyewe. Joto la pale lingeweza kukausha shati kabla hujamaliza kulianika.

Waliompa jina la Spika hawakukosea. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na chochote alichokisikia nyumbani kilifika shuleni siku hiyo hiyo, tena kwa sauti kubwa kuliko kilivyosemwa. Na siku hizo nyumbani kwao upuuzi ulikuwa mwingi.

Ulianzia kwenye kituo cha afya. Tabibu alimpima baba damu, akamwambia kwamba sukari imeanza kupanda. Alimshauri apunguze vyakula vya wanga: mkate, wali, viazi, na soda aachane nazo kabisa. Kisha akamwonyesha mlango wa pili.

"Ingia pale kwa mtaalamu wa lishe. Atakupangia namna ya kupunguza bila kujiumiza."

Baba alichungulia. Akaona binti mwembamba mwenye miwani, na benchi lililojaa watu wanaosubiri. Akageuka, akaenda zake.

"Nipange foleni nifundishwe kula?" alimwambia mama jioni. "Tena na katoto kale? Mimi nimeanza kula kabla hajazaliwa."

"Na ndiyo maana umepelekwa kwake," mama alijibu bila kuinua kichwa.

Badala ya yule wa mlango wa pili, baba alichagua mwalimu wa ndani ya simu. Huyo alijiita Daktari Chuma. Hakuwa daktari wa chochote. Alikuwa na kifua kipana, fulana ya kubana, na kipaji cha kusema uongo bila kupepesa macho.

"Majani ni chakula cha mbuzi!" alinguruma kwenye simu. "Wewe ni simba! Kula nyama, kula mayai, kunywa maji! Ukisikia kichwa kinauma, shangilia! Ni mafuta yanalia yakitoka mwilini!"

Maelfu ya watu walimpigia makofi, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza amesomea wapi. Baba alimwamini kuliko alivyomwamini tabibu aliyemshika mkono na kumtoa damu.

Laiti angeishia hapo! Lakini baba aliongeza akili zake mwenyewe juu ya zile za Daktari Chuma. Stooni, mbele ya ukuta, vilipangwa vitu vitatu: pipa la unga, gunia la sukari na ndoo ya chumvi. Siku moja alisimama akavitazama, kisha akajipiga paja.

"Spika! Njoo hapa. Unaona nini?"

"Unga, sukari na chumvi, baba."

"Vina rangi gani?"

"Nyeupe."

"Umeona sasa? Hawa ni ndugu! Adui watatu weupe. Kama wawili wanaua, huyu wa tatu atakuwa mwema kwa sababu gani?"

Mtu anayetia chumvi kwenye unga kila siku ya Mungu, anayejua fika kwamba akiisahau mikate yake huumuka ovyo na kukosa ladha, alitoka stooni kifua mbele, akiamini kuwa amegundua jambo lililowashinda matabibu wa dunia nzima. Spika alimfuata nyuma, kifua mbele vilevile.

Tangu siku hiyo baba alikula nyama iliyochemshwa bila chumvi, na mayai, basi. Maji aliyanywa chupa baada ya chupa, na jasho likamtiririka mbele ya tanuri kama bomba lililopasuka. Mama alipomwekea mboga za majani, alisukuma sahani pembeni.

"Wape mbuzi."

"Sijawahi kuona mbuzi akipelekwa kupimwa sukari," mama alisema, akaivuta sahani, akala mwenyewe.

Mwanzoni baba alipungua, na maneno yakaongezeka. Alivuta mkanda wa suruali mbele ya wateja ili waone nafasi iliyobaki. Seremala wa jirani, aliyekuja kuchukua mkate wake wa asubuhi, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo fundi, mimi unaniuzia sumu?"

"Wewe umeshaizoea," baba alijibu.

Seremala alicheka mpaka akashika dirisha, akachukua sumu yake, akaondoka.

Shuleni, Spika alikuwa Daktari Chuma mdogo. Wakati wa mapumziko alitoa yai lake la kuchemsha, akamtazama mwenzake wa dawati moja, msichana aliyeitwa Kimya, kama mtu anayetazama takataka.

"Endelea tu kujaza gunia," alimwambia. "Sisi kwetu tulishaacha kula mambo ya watu wasiojielewa."

Kimya alitafuna mkate wake taratibu, akameza.

"Jana gunia limekuwa la kwanza kwenye mbio. Simba wa kwenu alikuwa wapi? Nilikuona umekaa chini, umeshika kichwa."

Watoto waliangua kicheko. Spika alibenua midomo, lakini moyoni alijua ni kweli. Siku hizo kichwa kilimuuma, na ngazi za shule zilikuwa zimegeuka mlima.

Nyumbani hali ya baba ilikuwa mbaya zaidi. Misuli ya miguu ilimkaza ghafla, akauma meno. Moyo ulimdunda bila sababu. Choo kilikuwa kigumu. Alikuwa mkali kwa kila mtu, hata kwa paka. Asubuhi moja Spika aliingia stooni kuchukua karatasi, akamkuta baba ameegemea ukuta, macho amefumba, mkono mmoja umeshika pipa la unga ili asianguke.

"Baba! Nimwite mama?"

"Thubutu!" Baba alifumbua macho. "Kizunguzungu kidogo tu. Ni mafuta yanalia."

"Lakini baba, hapo kwenye tanuri, ukianguka..."

"Sianguki. Na wewe usimwambie mtu. Mama yako atanicheka, seremala atanicheka, mtaa mzima utanicheka. Wewe ndiye mtu wangu wa pekee. Sawa?"

Spika, ambaye hakuwahi kunyamaza kuhusu jambo lolote, safari hiyo alinyamaza. Alijisikia mkubwa kupewa siri. Alirudi kufunga mikate, lakini kila koleo lilipoingia tanurini, alijikuta anatazama miguu ya baba yake.

Haikuchukua muda. Baba alikuwa anavuta trei ya mwisho wakati kigimbi cha mguu kilipokaza. Aliruka, koleo likamtoka, trei ikabingirika, na yeye akaanguka ubavu mbele ya mdomo wa tanuri. Mkono wake uligusa chuma cha moto. Spika alipiga yowe, akamshika aproni na kuvuta kwa nguvu zake zote. Mama alitoka dirishani mbio, akavuta upande wa pili, na wote watatu wakaishia sakafuni katikati ya mikate iliyotawanyika.

"Niko sawa," baba alisema, midomo imekauka. "Niliteleza."

"Umeteleza kwenye nini, bwana?" mama aliuliza. "Kwenye nyama?"

Mama aliumwagia mkono maji safi ya baridi kwa muda mrefu, akaufunika kwa kitambaa kisafi. Kisha akafunga dirisha la duka na kumpeleka mumewe kituo cha afya, Spika akifuata nyuma.

Tabibu aliangalia mkono kwanza. Kidonda hakikuwa kikubwa. Kisha akauliza, "Ulianguka vipi?"

"Niliteleza."

"Unakula vizuri?"

"Nakula kila kitu," baba alijibu bila aibu. "Kidogo kidogo, kama ulivyoniambia."

"Mboga, matunda?"

"Kila siku."

"Chumvi?"

"Kawaida tu."

Mama alikuwa nje akichukua kadi, hakusikia. Tabibu alikuwa ameanza kuandika. "Basi huenda ni joto la tanuri. Nitakupa dawa ya maumivu. Pumzika leo, kesho unaweza kurudi kazini."

Spika aliyasikia maneno hayo, kesho na kazini, na akaliona tena koleo likianguka. Baba alimgeukia, akamtazama kwa jicho lile la stooni. Wewe ndiye mtu wangu. Spika akisema, baba atadhalilika mbele ya tabibu. Asiposema, kesho baba atasimama tena mbele ya moto.

"Anadanganya," alisema.

"We mtoto!" baba alifoka.

"Hali mboga. Hali matunda. Chumvi ameacha kabisa, anasema ni adui kwa sababu ni nyeupe. Anakunywa maji mengi na anatoka jasho kutwa. Anapata kizunguzungu, misuli inamkaza, na moyo unamdunda. Alinikataza nisiseme." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Na mimi nilinyamaza. Nikanyamaza mpaka akaanguka."

Tabibu aliweka kalamu chini. Hakumtazama Spika, alimtazama baba. Kisha akamchoma sindano, akachukua damu, akaagiza ipimwe papo hapo. Majibu yalionyesha chumvi imepungua sana mwilini, baba akalazwa kitandani, akatundikiwa chupa ya maji yenye chumvi, chini ya uangalizi.

Mlango wa pili ulifunguka. Aliingia yule binti wa miwani, mtaalamu wa lishe. Sasa hakukuwa na foleni ya kukimbia, na baba alikuwa na sindano mkononi.

"Baba yangu, shikamoo," alisema.

"Marahaba," baba alijibu, akitazama ukuta.

"Nimeambiwa umegundua kwamba vitu vyeupe vyote ni adui. Meno yako je? Unayang'oa lini?"

Mama, aliyekuwa ameshasimuliwa yote, alicheka kwa sauti. Hata tabibu aligeuka pembeni.

"Huyo Daktari Chuma," mtaalamu aliendelea, "namfahamu. Wagonjwa wake huishia hapa kwangu, hajawahi kuja kumtazama hata mmoja. Sasa sikiliza, nitasema mara moja. Kupunguza wanga si kosa, ulishauriwa vizuri. Lakini unapopunguza wanga sana, figo zako humwaga maji na chumvi nyingi kuliko zamani. Na wewe unasimama kwenye moto, jasho linamwaga nyingine. Halafu unajaza maji matupu juu yake, na chumvi umeifungia stooni. Mwili ufanye kazi kwa kutumia nini? Misuli na moyo vinahitaji chumvi, na madini mengine pia, potasiamu na magnesiamu."

"Hayo madini yanauzwa wapi?" baba aliuliza kwa sauti ndogo.

"Genge la mboga. Lile unalolipita kila siku ukibenua midomo. Majani ya kijani, uyoga, parachichi. Karanga na mbegu za maboga. Samaki. Na ndimu au pilipili hoho kwa ajili ya vitamini C, maana nyama yako ya kuchemsha haikupi ya kutosha. Chumvi rudisha kwenye chakula kwa kiasi. Nimesema kwa kiasi! Wewe presha yako tumeipima, iko chini. Mwenye presha ya juu au figo mbovu asikuige, aje aulize kwanza."

Kisha akamgeukia Spika.

"Na wewe? Umekuwa ukila kama yeye?"

Spika aliitika kwa kichwa.

"Nani alikupima sukari?"

"Hakuna."

"Basi unakula dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine. Wewe unakua, unakimbia, unasoma. Kula mkate wako, kula mboga, kula tunda, kula yai. Na ukimwona mwenzako anakula chakula chake, funga mdomo."

Uso wa Spika uliwaka. Aliona sura ya Kimya akitafuna taratibu, na akajua kesho atakuwa na jambo la kumwambia, kwa sauti ya chini.

Wiki zilizofuata baba alikwenda kwenye benchi lile mwenyewe, akapanga foleni. Wanga alikula kidogo kama alivyopangiwa, na sahani yake ikajaa majani, samaki, parachichi na mayai. Misuli iliacha kukaza, kizunguzungu kikaisha, na sukari ikashuka polepole. Tabibu alipomruhusu, alirudi kwenye tanuri. Kichwa cha Spika nacho kiliacha kuuma.

Lakini tangu siku ile ya kituo cha afya, baba hakuwa amezungumza na Spika kuhusu lile neno: anadanganya. Spika alilisubiri kwa hofu. Lilikuja siku ya kupima tena, wakiwa kwenye benchi, katikati ya watu wanaosubiri.

"Siku ile ulinidhalilisha," baba alisema.

"Nisamehe, baba."

"Nyamaza, sijamaliza." Alisema kwa sauti, watu wakageuka. "Nilimdharau mtu aliyesoma kwa sababu ni mdogo na ana foleni. Nikamheshimu mpumbavu kwa sababu ana kelele. Halafu nikamdanganya aliyetaka kunitibu, na nikakufunga mdomo wewe ili upumbavu wangu usionekane. Nani alinidhalilisha hapo? Ni mimi mwenyewe."

Akamshika bega.

"Mtu akikupa siri itakayomuumiza, hiyo si heshima, ni mzigo wake anakutwisha. Utupe. Ukinisikia tena nadanganya mbele ya tabibu, nidhalilishe, mwanangu. Nidhalilishe mbele ya benchi zima."

Mlango ulifunguka, mtaalamu wa lishe akaita anayefuata. Baba alisimama, akamsukuma Spika mbele yake.

"Ingia wewe kwanza," alisema. "Akiniuliza nimekula nini, jibu wewe."