Sahani Isiyotiwa Chumvi

Sahani ya pembeni ilirudi jikoni nyeupe kama iliyooshwa, lakini mkate haukuguswa. Itto aliigeuzageuza mikononi. Pale mezani hakuwa amekaa mtu.

Mkahawa wa baba yake, mzee Bouazza, pale Meknes, ulikuwa na meza nne tu. Mkewe Mahjouba alipougua na kukatazwa chumvi, mzee akawa anampikia kando. Mahjouba kafa, arobaini imepita, na mzee bado anabandika kile kisufuria chake, anapakua, anatenga pembeni kila magharibi. Na mji ule hata mtoto anajua kwamba chakula kisicho na chumvi hutengewa majini.

"Baba, unawakaribisha wenyewe," Itto alinong'ona. "Mkate una chumvi, ndiyo maana hawaugusi."

"Namkaribisha mama yako. Wewe menya vitunguu."

Ijumaa ile wateja walipokwisha, baba na binti wakaketi kula kuskusi. Mara ikaingia harufu ya udi uliolowa maji, kiti cha pembeni kikajivuta, kijiko kikagonga sahani, kikagonga tena, na baridi ikampanda Itto kutoka nyayoni, ikafika magotini, ikafika kifuani, na katikati ya kugonga kule ikaja sauti aliyoililia siku zote arobaini, imechoka, inacheka kidogo: "Bouazza, leo boga limeiva."

Mzee alitabasamu. Tangu mazishi hakuwa ametabasamu. Hilo ndilo lililomuuma Itto, maana kiganja chake kilikuwa tayari kimejaa chumvi.

"Usifanye, mwanangu. Niachie huyu huyu."

"Si mama, baba. Mama angeniita na mimi."

Akangoja. Alingoja sana, maskini, akiomba moyoni aitwe. Hakuitwa. Akaimwaga chumvi kwenye ile sahani.

Kijiko kilianguka. Kilio kikatoka, si cha mama, si cha mtu yeyote, kikazunguka meza zote nne kisha kikanyamaza ghafla, karibu na kiti cha mzee. Mzee akajifunika uso kwa kitambaa cha meza, akalia kama siku ya msiba.

Kesho yake Itto alimpelekea baba supu. Mzee alionja kijiko kimoja, akalisukuma bakuli taratibu, na mkate akauweka kando.

"Usinitilie chumvi tena, mwanangu," alisema kwa upole.

Itto aliinama kulitoa bakuli. Kanzu ya baba ilinuka udi uliolowa maji.