Mtani wa Mto Mgeta

Jua lilikuwa limeshagusa miti ya ng'ambo Hafidha alipoamua kumpelekea mumewe tochi. Twalibu alikuwa mtoni tangu mchana, amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, anavua kambare, na chakula cha jioni kilikuwa kinapoa. Si kwamba Hafidha alikuwa na hamu ya kumwona. Asubuhi walikuwa wamegombana tena, na safari hii Twalibu alimwambia kwamba tangu apate mimba amekuwa mzigo. Lakini njia ya mtoni ilikuwa na mizizi, mamba walikuwepo, na mume ni mume.

Walikuwa likizo. Ndivyo Twalibu alivyowatangazia watu wote wa Kihonda, kwamba anampeleka mkewe Kisaki kuona wanyama na kuvua samaki. Kilichompata mkewe ni vumbi la barabara ya Mvuha, mbung'o waliouma hadi juu ya nguo, na joto lisilokuwa na huruma. Tembo waliwaona, lakini kwa mbali, na Twalibu akamgombeza dereva wa kambi utadhani yeye ndiye aliyewapanga pale. Mpishi wa kambi, Mama Felista, naye aligombezwa kwa sababu ya chumvi. Siku ya pili tu hakuna mfanyakazi aliyekuwa akimsalimia kwa moyo.

Lukasi, mwongozaji wao, alikuwa amewapa sheria za mto tangu walipofika. Msioge. Msisimame majini. Msiache utumbo wa samaki ufukweni. Halafu akaongeza moja, kwa sauti ya chini kidogo.

"Na mkiwa mtoni, bosi, msitaniane na mtu. Huku mtoni hatutaniani."

Twalibu akacheka. Alimuuliza kama utani nao siku hizi unahitaji kibali cha hifadhi. Lukasi akaenda zake kupakua mizigo.

Ungemjua Twalibu usingeshangaa. Utani ulikuwa maisha yake. Akikutana na mtu wa ukoo ambao ni watani wa ukoo wake, basi siku hiyo imeharibika: watatukanana, wataitana watumwa, watanyang'anyana kofia na simu, na hakuna atakayekasirika, kwa sababu mtani hakasirikiwi. Hata msibani huwezi kumkasirikia, maana yeye ndiye anayekuchimbia kaburi. Kwa Bibi Mwanvita, bibi mzaa mama wa Hafidha kule Matombo, ndiyo usiseme. Kikongwe yule alimwita Twalibu "mume wangu" mbele ya watu, na Twalibu alimwahidi kila mara kwamba atamwacha Hafidha amwoe yeye.

Hafidha alifika ufukweni. Twalibu alikuwa anacheka.

Alikuwa anazungumza na mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa amesimama ndani ya maji, ng'ambo kidogo ya katikati, maji yakimfika magotini. Hafidha alimwangalia, akaangalia mchanga uliokuwa nyuma yake. Mamba wawili walikuwa wamelala pale, midomo wazi. Hawakumgeukia. Naye hakuwageukia. Alivaa shati lililomganda mwilini, na uso wake haukuonekana vizuri kwa sababu jua lilikuwa linazama nyuma yake.

"Eti huyu naye Mluguru," Twalibu alimwambia mkewe bila kugeuka. "Na ni watani zetu. Nimemtajia ukoo wa mama yangu, ananiambia mimi mtumwa wake."

"Twalibu, twende. Giza linaingia."

"Subiri." Akapaza sauti. "Mtani! Babu yako alikuwa anakuja kwetu kuomba majani ya maboga!"

Yule mtu alicheka. Kicheko kilikuja juu ya maji, kirefu, halafu kikakatika ghafla.

"Samaki hao ni wangu," alisema.

"Chukua, mtani. Chukua na ndoo yake."

"Na kiti?"

"Kiti hapana, nitakaa juu ya kichwa chako?"

"Na mwanamke huyo?"

Sasa Twalibu aligeuka. Alimtazama Hafidha kuanzia kichwani mpaka tumboni, tumbo ambalo lilikuwa limeanza kuonekana kwenye dera. Kulikuwa na kitu usoni mwake ambacho hakikuwa utani. Hafidha alikiona, na kilimuuma.

"Chukua," Twalibu alisema. "Ameshanichosha. Chukua na kilichomo tumboni."

Yule mtu hakucheka.

"Mke umenipa, nimesikia," alisema. "Mtoto si wako wa kutoa."

Vyura walinyamaza. Hafidha alisikia harufu ya tope, tope la chini kabisa, lile linalokaa bila kuona jua. Alimshika mumewe mkono kumvuta, na macho yake yakaangukia ndoo ya bluu iliyokuwa karibu na kiti. Alipofika ilikuwa na kambare wawili wakijipiga-piga.

Ilikuwa tupu.

"Tangulieni mkale," sauti ya ng'ambo ilisema. "Mimi nakuja."

*

Twalibu alisimulia mezani kwa sauti kubwa. Kuhusu samaki alisema wameruka wenyewe, kambare ni wakorofi. Alimtuma Lukasi akachukue kiti na ndoo. Lukasi alirudi na kiti.

"Ndoo hakuna, bosi. Na nyayo ni zenu tu."

"Itakuwa huyo mtani ameichukua. Nilimpa."

Mama Felista alikuwa anaweka ugali. Mkono wake ulisimama hewani. Alikuwa mama wa makamo kutoka Mgeta, milimani kule kwenye kabichi na baridi, rozari shingoni, na tangu jana alikuwa hajamwambia Twalibu neno zaidi ya "karibu chakula".

"Ulimpa nini kingine?" aliuliza.

Twalibu alitabasamu tu. Hafidha ndiye aliyejibu.

"Mimi. Alimpa mimi."

Mama Felista aliweka sahani chini. Alimwangalia Twalibu kwa chuki ya wazi, akamshika Hafidha mkono, akampeleka jikoni.

"Mama, shikamoo, sijui hata nilie au nicheke," Hafidha alisema.

"Marahaba, mwanangu. Kucheka usicheke." Akachochea kuni, akawa ananong'ona. "Mwaka wa mafuriko mtumbwi ulipinduka hapo mbele. Mwanamume mmoja hakuonekana tena. Watani wake walishuka na majembe kuja kumzika, wakakaa, wakakaa... hakukuwa na cha kuzika. Wakarudi kwao. Sasa wewe ni Mluguru, unajua. Mtu asipotaniwa kaburini, asiposhindiliwa udongo na watani wake, amekwenda wapi?"

Hafidha alisogea karibu na moto.

"Wengine wanasema si yeye. Wanasema kilikuwepo kitu mtoni hata kabla yake, na kimevaa mwili wake tu. Mimi sijui. Ninachojua kinatafuta mtani. Na mtani ukishamwambia chukua, humnyang'anyi."

"Alisema mtoto si wa Twalibu kumtoa."

"Hapo alisema kweli." Mama Felista alimtazama tumboni. "Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mpaka atolewe na mtu wa ukoo wenu. Na wewe pia ni wa ukoo wa mama yako, mwanangu. Mume alikuoa, hakukununua. Ukibanwa, likumbuke hilo."

Hafidha aliomba waondoke usiku uleule. Twalibu alikataa, akasema hawezi kuendesha gari gizani kwenye njia ya tembo kwa sababu ya maneno ya mpishi asiyejua chumvi. Lakini Hafidha aliona kwamba hakumaliza ugali wake.

*

Walikuwa wameshaingia hemani, taa inawaka, waliposikia hatua.

Chwa... chwa... chwa...

Hatua za miguu iliyolowa, zikipanda kutoka mtoni. Hazikuwa na haraka. Harufu ya tope ilitangulia, ikapita chini ya turubai, ikajaa hema lote.

"Hodi, mtani."

Twalibu alikaa kitandani. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye mdomo wa juu.

"Nani?"

"Nimefuata changu."

"Bwana we," Twalibu alisema, akijilazimisha kucheka, "nilikuwa natania."

"Hata mimi natania," sauti ilijibu. Halafu ikacheka, kile kicheko kirefu cha mtoni, na kama mwanzo kikakatika.

Zipu ya mlango ilianza kupanda. Pole pole, kutoka chini. Maji yakaingia, membamba, meusi, yakatambaa juu ya mkeka.

Hafidha alisubiri mumewe asimame. Aliomba moyoni, ee Mungu, asimame, aseme neno, arushe hata kiatu. Badala yake alisikia viganja viwili mgongoni mwake. Vya moto, vinatetemeka.

Vilikuwa vinamsukuma.

"Nenda," Twalibu alinong'ona nyuma yake. "Hafidha, nenda tu ukamsikilize. Nakuomba."

Hofu ilimtoka Hafidha, na mahali pake pakaingia hasira, hasira ambayo hakuwahi kuijua tangu azaliwe. Aliukanyaga mkeka kwa nguvu, akashikilia nguzo ya hema, akazungumza na ule mlango.

"Mimi ni wa ukoo wa mama yangu. Huyu hakuwa na ruhusa ya kunitoa. Umedanganywa, mtani. Kama unachukua, mchukue aliyesema."

Zipu ilisimama.

"Maneno hayo," sauti ilisema, kwa furaha kabisa, "ndiyo maneno."

Taa ikazimika.

Hakukuwa na kelele. Hilo ndilo lililomtesa Hafidha baadaye, kwamba hakukuwa na kelele hata kidogo. Viganja vilikuwa bado mgongoni mwake. Vya moto. Vikatetemeka mara ya mwisho. Halafu vikapoa.

Vikawa vya baridi. Vimelowa.

Taa iliporudi, Twalibu alikuwa amekaa kitandani, anamtazama. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini.

"Lala, mama," alimwambia kwa upole. "Ameshakwenda."

Asubuhi Hafidha aliziona nyayo. Za miguu mitupu zilipanda kutoka mtoni mpaka hemani, na hazikurudi. Za kandambili za Twalibu zilitoka hemani mpaka majini. Lukasi alikuwa anazifagia kwa tawi la mti, kichwa chini. Mama Felista alimsindikiza Hafidha mpaka kwenye gari, akamkumbatia kwa muda mrefu.

"Usimruhusu mtu wa kwenu amtanie huyo mumeo," alimnong'oneza. "Hata mmoja."

*

Kihonda nzima ilisema safari imemtengeneza Twalibu. Alikuwa mpole. Alichota maji, alifua, hakupandisha sauti. Hakugusa samaki wala fimbo ya kuvulia. Majirani walimwambia Hafidha ashukuru Mungu, wanaume wa namna hiyo hawapatikani, na Hafidha aliitikia huku akianua shuka ambayo kila asubuhi upande mmoja ilikuwa imelowa.

Angemwambia nani? Kwamba alimtoa mumewe kwa mdomo wake? Mama yake alikuwa ameshafariki. Alichoweza kufanya ni kupiga marufuku utani nyumbani kwake. Wajomba walipokuja aliwakatisha. Walisema ujauzito umemfanya mkali.

Mtoto alizaliwa wakati wa mvua za masika, wa kike, mzima, mwenye sauti. Twalibu hakuomba kumshika hata mara moja. Alikaa tu pembeni ya kitanda na kumtazama. Usiku Hafidha alilala amemfunga mtoto kifuani kwa kanga, mafundo mawili.

Bibi Mwanvita alituma salamu kwamba anakuja kumwona kitukuu. Hafidha alipanga kumpokea stendi na kumweleza kila kitu njiani, huyo ndiye angemwelewa. Lakini bibi hakusubiri siku aliyoisema. Alipata lifti ya gari la ndizi kutoka Matombo.

Hafidha alikuwa uani anaanua nepi, jua linazama, mtoto amelala ndani, na mumewe alikuwa ametoka. Ndivyo alivyodhani. Kwanza aliiona ndoo.

Ilikuwa mlangoni, ya bluu, imejaa maji ya tope.

Halafu akasikia sauti ya kikongwe kutoka sebuleni, ikicheka kwa furaha ya mtu aliyefika.

"Mume wangu! Mbona umepoa hivi? Mkeo hakulishi?"

"Bibi," sauti ya Twalibu ilijibu. "Mtoto huyu wangu?"

Hafidha alizitupa nepi. Alifungua mdomo apige kelele, na tope lilikuwa limejaa hewani kiasi kwamba hakuna kilichotoka. Alikimbia. Uwanja ulikuwa mdogo, alikuwa ameufagia asubuhi, haukuwahi kuwa mrefu namna ile.

"Hee, wako!" alisema Bibi Mwanvita, akicheka. "Chukua, mume wangu. Chukua, sisi tutazaa mwingine."